Nikikupigia Naimba

Wimbo wenyewe haukuwa wa kuimbwa mbele za watu. Mama aliutunga enzi zile watoto wake wakiwa wadogo, apate kuwaamsha waende shule bila kugombana nao, na aliuimba akipita kitanda hadi kitanda na beseni la maji mkononi. Kila mtoto alikuwa na ubeti wake. Ubeti wa kitinda mimba, ambaye nyumbani hakuitwa jina jingine ila Kitinda, ulikwenda hivi:

*Inuka, Kitinda, inuka,*
*jua limekuacha njiani,*
*maji yanapoa beseni,*
*viatu vinakuita mlangoni.*

Kitinda akakua, akasoma, akawa mfamasia. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye mvi kidevuni, aliyesimama kutwa nzima nyuma ya kaunta ya duka la dawa lililotazamana na hospitali, koti jeupe mwilini, akiwaeleza watu kidonge kipi kimezwe kabla ya kula na kipi baada ya kula. Wateja walimwita daktari, naye alishachoka kuwasahihisha. Mama alibaki kwenye mji mdogo waliokulia, mbali kwa safari ya basi, pamoja na binti yake mkubwa.

Likizo moja mfamasia alikwenda kuwasalimia. Asubuhi alimkuta mama uani, anakunja nguo zilizokauka, anaimba ule wimbo bila mtoto wa kumwamsha. Sauti ilishaingia mikwaruzo, lakini ilikuwa ile ile. Akatoa simu taratibu, akamrekodi. Baadaye alikaa kizingitini, akakata mwanzo uliokuwa na kikohozi na mwisho ambapo mlango ulibamizwa, kisha akaingia kwenye mipangilio ya simu, akalitafuta jina la mama, akauweka wimbo uwe mlio wake. Akampa dada yake simu ya mama, akamwambia aende chumbani apige.

Simu ikaanza kuimba juu ya meza. Mama alikuwa anamenya vitunguu. Kisu kikabaki hewani, akasikiliza mpaka simu ilipokatika yenyewe.

"Kumbe nikikupigia naimba?" aliuliza.

"Unaimba, mama."

"Mbele ya watu wote wa kazini?"

"Mbele yao wote."

Akacheka hadi akajifuta macho kwa upindo wa gauni, akasingizia vitunguu.

Kabla ya hapo hakuwa mtu wa simu. Alipiga kukiwa na msiba au bomba limepasuka. Baada ya likizo ile akaanza kupiga bila sababu. Akipokewa aliulizia afya, akasimulia mbwa wa jirani amefanya visa gani, halafu ndipo anauliza alichotaka kuuliza tangu mwanzo: wenzako wameusikia?

Siku za mwanzo waliusikia kweli. Keshia wa pale dukani, mwanamke wa makamo aliyebandikwa jina la Cheko kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, aliinua uso kutoka kwenye mashine akauliza ni nani huyo anayeamshwa. Mfamasia akajibu kwa majivuno kwamba ni yeye. Wateja wakatabasamu. Meneja naye alipita akasema mama ana sauti.

Utamu ukaanza kuchacha taratibu. Wenzake wa stoo walilidaka lile jina, wakawa wanamwita Kitinda mbele ya wateja. Mfanyakazi mgeni, binti aliyetoka chuoni juzi juzi, akamwita Daktari Kitinda kwa heshima zote akidhani ndilo jina la ukoo, na duka zima likaangua kicheko. Siku nyingine mama alipiga wakati mfamasia akimhudumia bwana mmoja aliyefuata dawa za mkewe, mke aliyekuwa amelazwa ng'ambo ya barabara na hawezi hata kujigeuza kitandani. Simu ikasema inuka. Yule bwana aliinamisha kichwa akawa anazisoma chupa zilizokuwa chini ya kioo kana kwamba amekuja kununua zile. Jioni meneja alimwomba mfamasia apunguze sauti ya simu kidogo.

Kidogo, ndivyo alivyosema meneja. Baadaye mfamasia alilirudia neno hilo moyoni mara nyingi, maana wakati ule alijifanya amelisikia vingine. Angeweza kupunguza sauti. Angeweza kuiacha simu itetemeke tu mfukoni. Angeweza kumwambia mama asipige saa za kazi, na mama angemwelewa upesi, kwa kuwa alikula ujana wake wote kwenye kiwanda cha kushona sare na aliijua adabu ya kazi za watu. Hakufanya hata moja. Aliingia stoo, akaichimbia simu ndani ya boksi la pamba, akafunika, akarekodi. Kilichoingia ni kimya kitupu. Akakiweka kile kimya kiwe mlio wa mama.

Simu za mawakala wa dawa, za rafiki zake, za fundi wa gari, zote ziliendelea kulia kama zamani. Ya mama pekee ndiyo iliyowaka kioo bila kutoa sauti.

Wala hakuwa amekerwa na meneja, wala hakumlaumu yule bwana mwenye mgonjwa. Aliona haya tu. Aliona haya kuwa Kitinda wa mtu mbele ya watu waliomwita daktari.

Kesho yake mama alipiga, kioo kikawaka bila sauti, na jioni mfamasia akampigia, akaomba radhi kwamba hakupokea, leo walizidiwa na wateja. Mama akasema si kitu, kisha akauliza kama kawaida yake: lakini wameusikia? Palikuwa na nafasi ya kusema hapana. Ulimi ukamtangulia. Akasema wameusikia, na Cheko amecheza.

Mama akafurahi kupita kiasi. Kesho yake akataka kujua Cheko alicheza vipi, akiwa amekaa au amesimama. Mfamasia akatia chumvi: alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ila mabega yalikwenda yenyewe. Mama akasema watu wasiocheka ndio wachezaji wazuri, amewaona wengi kiwandani. Kuanzia hapo ikawa kila jioni lazima papikwe kipya. Mara kuna mteja ameomba arudiwe ubeti, mara meneja ameonekana ofisini kwake akiunung'unika ule wimbo. Mfamasia hakujiona mwongo. Alijiona mtoto mwema, anayempa mama raha isiyomgharimu mtu.

Kisha akamleta yule mzee.

Hakumpanga. Siku hiyo alikuwa amechoka na hana jipya la kusimulia, basi akasema amekuja mzee mmoja mwembamba kununua dawa ya kifua, simu ikalia, mzee akavua kofia akasimama wima. Wimbo ulipokwisha alikuwa analia. Alisema tangu utotoni hajawahi kusikia mtu akiamshwa kwa upole namna ile.

Mama akauliza kama huyo mzee ana watu wa kumwangalia. Mfamasia, aliyekuwa ameshaingia kwenye tope hadi magotini, akasema anaishi peke yake.

Basi ikawa mama hakati simu bila kumuulizia. Kifua chake kimeachia? Analala vizuri? Kule kwake hakuna baridi? Mfamasia akampa mzee nafuu, akampa homa, akampa nafuu tena. Kuna siku alifikiria amfishe tu yaishe, akaogopa mama asije akakaa matanga. Jioni nyingine mama aliuliza mzee ni mfupi au mrefu, na mabega yake yako vipi. Mfamasia alikuwa anatafuta funguo za gari. Akajibu bila kuwaza: mrefu, mabega membamba, kama marehemu mjomba.

Dada yake ndiye aliyemweleza yanayoendelea kule nyumbani. Alisema mama amekuwa mtu mwingine. Kabla ya kupiga simu anakunywa maji ya moto yenye asali ili sauti isikwaruze. Alikwisha kumkumbusha kwamba wimbo umesharekodiwa, hata akinywa pipa la asali hautabadilika, na mama akamjibu kuwa kuna watu wanausikia kule, huwezi jua. Dada alikuwa anacheka akisimulia. Mfamasia naye alicheka, lakini usiku ule nafsi ilimsuta kwa mara ya kwanza. Alijiambia wikiendi atairudisha ile rekodi. Wikiendi ikaja, akaosha gari.

Siku ya kliniki ya hospitali duka hufurika. Watu hutoka ng'ambo na vyeti vyao vya dawa, wanapanga foleni mpaka nje kwenye baraza. Ilikuwa siku ya namna hiyo. Mfamasia alikuwa anamweleza mama mmoja namna ya kumpa mtoto dawa kwa kijiko, simu yake ikiwa juu ya kaunta karibu na mizani. Kioo kikawaka. Kiliandika: Mama. Akaunyoosha mkono huku akiendelea kueleza, akailaza simu kifudifudi. Hata hakuangalia mkono wake ulichofanya. Ulishazoea.

Kabla hajamaliza na yule mama wa mtoto, simu ikalia kwa nguvu, ule mlio wa ngoma na filimbi uliokuja na simu kutoka dukani. Alikuwa wakala wa dawa. Mfamasia akaomba samahani, akapokea, akazungumza habari za shehena iliyochelewa, akacheka na wakala, akakata. Alipoinua uso kumwita mteja aliyefuata, alimwona mama yake.

Alikuwa amesimama nyuma ya bwana mmoja mwenye mwavuli, mtu wa nne kwenye foleni, amevaa gauni la kutokea na kitambaa kichwani, mfuko wa safari umening'inia kiwikoni. Simu ilikuwa bado sikioni mwake. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshuka kwenye kituo kisicho chake na sasa anatafuta maandishi yamwambie yuko wapi.

Mfamasia akatoka nyuma ya kaunta, akampokea mfuko, akamuuliza mbona hakusema kama anakuja. Mama akasema alitaka kumshtukiza. Alitaka apige simu akiwa mle mle ndani, awaone watu wanavyousikia. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kama anayeeleza mpango wa mtu mwingine, halafu akaitia simu yake kwenye mkoba na kufunga zipu.

Kisha akaomba aonyeshwe Cheko. Hapakuwa na pa kukimbilia, Cheko alikuwa hatua mbili kutoka pale. Mama akamsalimia kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye uliyecheza wimbo wangu?"

Cheko alimtazama mfamasia. Mfamasia akatazama rafu za dawa. Cheko hakuwa mjinga.

"Ndiyo, mama," alisema. "Nilicheza."

"Ulicheza vipi, mwanangu?"

Na yule mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, akiwa nyuma ya mashine na foleni nzima ikimkodolea, aliinua bega la kulia, akalishusha, akainua la kushoto. Mama akatikisa kichwa, akamwambia ana mabega mazuri na Mungu amzidishie. Kisha akafungua mfuko akatoa sweta la sufu la rangi ya majivu, refu, jembamba mabegani, lililofumwa kwa mkono na kukunjwa vizuri. Alimkabidhi mwanawe.

"La yule mzee," alisema. "Akija utampa."

Mfamasia alitaka kumpeleka mahali akale, akapumzike. Mama akakataa, basi la kurudi linaondoka mapema. Alimsindikiza mpaka stendi kwa gari. Njia nzima mama alizungumza, tena kwa uchangamfu: ukuta wa jirani umebomoka, dada yako ameng'oa jino, mbwa yule amezaa. Wimbo hakuutaja. Mfamasia aliendesha akiwa na maneno yaliyojaa mdomoni kama mtu aliyebugia uji wa moto, hawezi kumeza wala kutema. Basi lilipowashwa, mama alimgusa shavu kupitia dirishani, akamwambia arudi kazini, watu wanamngoja.

Aliporudi, Cheko alikuwa anamsubiri. Alingoja wateja wapungue, akamwambia kwamba katika umri wake wote hajawahi kumdanganya mtu aliyemshika mikono miwili. "Umenifanya nimdanganye mama yako machoni," alisema, "na yeye alikuwa anajua. Alikuwa anajua na akanishukuru." Baada ya hapo alimwongelesha mambo ya kazi tu.

Jioni mfamasia alifuta kile kimya, akaurudisha wimbo mahali pake, akapandisha sauti ya simu mpaka mwisho. Simu haikuimba. Kesho yake haikuimba, wala kesho kutwa. Alianza kupiga yeye. Mama alipokea mara moja kila alipopigiwa, akaitika vizuri, akauliza afya, akasema haya mwanangu, rudi kazini. Akiambiwa nipigie na wewe, alijibu kwamba atapiga, na alijibu kwa upole uliomkata mfamasia maini. Dada yake aliulizwa kama mama ameudhika. Alisema hajaona dalili yoyote, ila ile chupa ya asali imerudi kabatini na mama amesema ina wadudu. Dada hakuona mdudu hata mmoja.

Sweta lilikaa chini ya kaunta, kwenye droo ya bandeji. Kila alipovuta droo liliguswa na vidole vyake. Alilihamishia droo nyingine, na siku ile ile akahitaji kitu kutoka droo hiyo.

Asubuhi moja ya manyunyu aliingia mzee. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limelowa mgongoni, anakohoa. Alitaka dawa ya kifua. Mfamasia alimhudumia, na mkono ukaenda wenyewe kwenye droo, ukalishika sweta. Aliona yote kwa mpigo: mzee amelivaa, yeye anampiga picha, picha inakwenda kwa mama, na uongo wote unageuka kweli kwa nyuma, hakuna wa kuumbuka. Alikuwa ameshalitoa nusu. Hapo akajiona anavyomtazama yule mzee, kama mtu aliyeokota funguo mahali pasipo pake. Akalisukuma sweta ndani, akafunga droo. Mzee akachukua dawa yake, akatoka na manyunyu yake.

Kwa siku kadhaa baada ya hapo hakujua ni lipi baya zaidi, kutaka kumtumia mzee wa watu, au kumwacha aondoke analowa ilhali sweta lipo. Kila alipoliwaza hili, lile jingine lilimwinukia. Mwisho akaomba ruhusa kwa meneja, akalifunga sweta kwenye karatasi, akapanda basi.

Alimkuta mama uani, amekaa kwenye kigoda juani. Dada alikuwa ameenda sokoni. Mfamasia alisalimia, akakaa kwenye ngazi, akaweka kifurushi kati yao. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, sasa yote yakamkimbia. Mama ndiye aliyefungua karatasi. Alilitazama sweta, akalipindua, akatafuta mwisho wa uzi kwenye pindo, akang'ata fundo na kuanza kulifumua. Alipopata uzi wa kutosha alimpa mwanawe ncha. Mfamasia akaanza kuuzungusha kwenye vidole kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo.

"Yule mzee hakuwepo," alisema.

"Najua." Mama aliendelea kuvuta. "Nilijua ulipoilaza simu. Nikasema labda kazini zote huzimwa. Halafu ile nyingine ikalia."

Mfamasia akazungusha uzi.

"Cheko nilimsamehe palepale, maskini. Mabega yale hayajawahi kucheza. Lakini yule mzee nilirudi naye kwenye basi njia nzima. Nilikuwa najaribu kumfanya awepo. Nikasema labda yeye, yeye mmoja, ni kweli. Nimemwombea kifua chake muda wote huu, mwanangu. Nilikuwa namtaja kabla yako."

Basi mfamasia akasema yote, kuanzia boksi la pamba mpaka yule mzee wa manyunyu. Hakujitetea kwa meneja wala kwa bwana mwenye mgonjwa. Ilipofika kwenye sababu, sauti ilimpungua. Alisema aliona haya.

"Haya ya nini?"

"Ya jina. Kuitwa Kitinda pale."

Mama aliacha kuvuta uzi. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya dukani, uso wake ulibadilika, na mfamasia hakuweza kusema kama ni nafuu au ni uchungu mpya.

"Jina tu?" alisema. "Mimi nilidhani ni sauti. Nilidhani imekuwa mbaya na watu wanakucheka, ndiyo maana umeificha, ukanitungia hadithi ili nisiumie. Tangu nirudi sijaimba hata nikiosha vyombo."

Hilo ndilo lililomvunja. Alikuwa amekuja na makosa yake mkononi, ameyakunja vizuri kama sweta, akidhani anayajua yote. Hili hakuwa nalo. Aliweka bumba la uzi chini, akafunika uso kwa viganja, na mama alimwacha alie bila kumwambia nyamaza. Alipomaliza, mama akamrudishia bumba mapajani, kwa sababu uzi ulikuwa unajisokota.

Baadaye mfamasia alitoa simu, akamwonyesha mama kwamba wimbo ameurudisha, akamwomba apige asikie mwenyewe. Mama hakuigusa simu yake. Akamwambia autoe.

Mfamasia alimsihi. Alisema sasa atauacha ulie hata mbele ya rais wa nchi. Mama alitabasamu kidogo kwa hilo, lakini hakubadilisha neno. Alisema autoe, aweke ule mlio wa ngoma na filimbi kama wa watu wengine wote. Rekodi abaki nayo asikilize akiwa peke yake, kwani hata yeye aliuimba ule wimbo akiwa peke yake, hakuwa amemtuma mtu auchukue. Mfamasia akaingia kwenye mipangilio, akalitafuta jina la mama, akafanya alivyoambiwa. Mama alisogeza kichwa aone kwamba kweli amefanya.

"Umenisamehe?" mfamasia aliuliza.

"Nilikusamehe zamani. Kusahau ndiko kunakochelewa. Siku hizi nasahau kila kitu isipokuwa ninachotaka kusahau."

Wakaendelea na sweta mpaka likabaki kola. Dada aliporudi kutoka sokoni aliwakuta wamekaa, bumba kubwa la rangi ya majivu limekaa kati yao, akauliza mbona wanaharibu kitu kizuri. Mama akasema hakikumtosha aliyetengenezewa.

Mfamasia alirudi kazini. Alimwendea Cheko akamwambia amekwisha kusema, na Cheko akaitikia kwa kichwa, akamwomba ampitishie rimu ya karatasi. Kutoka kwa Cheko, hayo yalikuwa maneno mengi.

Zilipita wiki kadhaa kabla mama hajapiga. Ilikuwa asubuhi, duka limejaa. Simu ikalia ngoma na filimbi, mfamasia akaona jina, akaipokea kabla filimbi haijafika mwisho.

"Nimekusumbua?" mama aliuliza.

Hilo hakuwa akiliuliza zamani. Zamani aliingia tu na mbwa wa jirani. Mfamasia akasema hapana, hata kidogo, na watu wanne wakasimama wakimngoja huku akisikiliza habari za mtoto wa mbwa aliyepelekwa kwa jirani wa pili. Mara ya pili mama aliuliza vilevile, na mara ya tatu, na kila mara mfamasia alijibu hapana, na kila alipokata alibaki na jibu lile limemkaa vibaya kifuani. Alikuwa ameuanza uongo tena, kwa neno dogo na kwa nia njema kama zamani.

Siku ya kliniki simu ikalia akiwa na dawa za mtoto mkononi, foleni imefika barazani. Akapokea.

"Nimekusumbua?"

"Ndiyo, mama," alisema. "Nina watu hapa mpaka nje. Nitakupigia jioni."

Mfamasia alisikia maji yanamwagika kwenye karai, kisha bomba likafungwa.

"Haya," mama alisema. "Asante kwa kuniambia."

Akakata. Mfamasia alisimama na simu sikioni, akijaribu kuipima ile sauti, kama ilikuwa na furaha au imeumia, na hakuweza kujua. Mwenye mtoto akamwita daktari mara mbili. Akaweka simu juu ya kaunta, kioo juu, akaanza upya kueleza habari za kijiko.